Mpini wa Nyandwi

Kwanza niseme jambo moja, ili mwenye kutaka kunichukia anichukie mapema. Ule wimbo wa "Jembe la Bwana" mnaoucheza harusini na misibani, ule ambao kwaya ya kigango chetu iliupigia video na vitenge vya zambarau, haukutungwa na mume wangu Gozbert. Uliutunga wewe? Hapana. Niliutunga mimi? Thubutu! Umetungwa na Suzan Niragira, na aliutungia ndani ya shamba langu la maharage, mimi nikiwa hatua tatu kutoka kwake na jembe mkononi. Naitwa Odeta. Ni mke wa Gozbert, ndoa ya kanisani, na ninayasema haya nikiwa na akili zangu timamu.

Sasa niwaambie Suzan ni nani, maana siku hizi hapa Keza kila mtu anajifanya hamjui.

Mama yake aliitwa Nyandwi. Kwao Burundi jina hilo hupewa mtoto wa saba. Alivuka mwaka wa sabini na mbili akiwa msichana mdogo, na katika wale ndugu saba ni yeye peke yake aliyefika upande huu. Akaolewa hapa Keza, akaachwa hapa hapa Keza, akabaki na binti mmoja na jembe moja. Makaratasi ya uraia walipata, kura walipiga kama sisi, lakini watu wana midomo jamani. Ukigombana nao kwa ajili ya kuku tu utasikia, "Rudini kwenu." Kwao wapi? Suzan kazaliwa zahanati ile ile niliyozaliwa mimi, mwaka mmoja na mimi, na darasa la kwanza tuliingia siku moja.

Shuleni hesabu zilimpiga chenga. Mwalimu akimuuliza saba mara nane, yeye anaangalia dari, na mguu chini ya dawati unapiga mdundo. Alichapwa sana. Alipofika darasa la sita akamtungia mwalimu huyo wimbo, na shule nzima tukauimba mchakamchaka asubuhi, mpaka mwalimu mwenyewe akajikuta anauitikia. Kuanzia hapo hakuchapwa tena, ila hesabu hakuzijua mpaka leo.

Gitaa alilipata mwaka ule kambi za wakimbizi zilipofungwa. Mzee mmoja aliyekuwa anarudi Burundi hakutaka kubebana nalo kwenye lori, akamwachia kwa debe mbili za maharage. Lilikuwa na nyuzi nne. Mbili zilizopungua Suzan akazitengeneza kwa waya wa breki ya baiskeli. Vidole vilimchanika, anafunga kitambaa, anaendelea. Mama yake Nyandwi alikuwa anakaa mlangoni anachambua maharage, anasikiliza, na mwisho anasema neno moja tu, "Tena." Hakuwahi kumsifia kwa neno lingine.

Aliolewa Mbuba. Mume alikuwa mtu wa heshima zake, hakunywa, hakupiga, ila siku moja akamwambia, "Chagua. Gitaa au mimi." Masikini, hakujua anaongea na nani! Suzan alirudi Keza kwa pikipiki, godoro limefungwa nyuma na gitaa liko mgongoni. Watu wakasema kaachika. Kaachika nini? Kaacha yeye.

Basi akaanza kuishi kwa kuimba, na kwa kulima vilevile, maana huku kwetu hakuna anayekula wimbo. Harusi ya fulani, yupo. Mkutano wa kina mama, yupo. Siku ya gulio Kasulo anasimama na kaspika kake, anaimba, na ukiupenda wimbo anakurushia kwenye simu yako papo hapo. Madereva wa malori wakaondoka nao, bodaboda wakaondoka nao. Wimbo wake wa "Kuku wa Jirani" nimewahi kuusikia mpaka Ngara mjini, ukipigwa kwenye duka la vipuri. Akajitokeza bwana mmoja anataka kuwa meneja wake. Suzan akamuuliza, "Unajua kulima?" Yule bwana akacheka, akasema hapana. "Basi hutanifaa. Sitaki mtu wa kula na mimi asiyelima na mimi." Ndivyo alivyokuwa. Nyimbo anatunga mwenyewe, anapanga mwenyewe, akitaka kurekodi anadandia gari Benaco mpaka Biharamulo kwa Wiston, mwenye studio, kijumba chenye magodoro ukutani, halafu anarudi na wimbo wake mfukoni.

Nami nilikuwa rafiki yake. Hilo lazima mlijue. Sikuwa jirani tu. Nilipojifungua Joan ni Suzan aliyenishika mgongo. Tulikuwa tunalimiana kwa zamu, Jumanne kwangu, Alhamisi kwake, miaka na miaka.

Nyandwi alifariki mwezi wa tatu, mvua zikiwa zimekolea. Aliugua siku nne tu. Tukamzika, matanga yakaisha, na Jumanne iliyofuata Suzan akaja shambani kwangu na jembe la mama yake. Mpini wa jembe lile ulikuwa umelika sehemu mbili, pale mkono wa kulia unaposhika na pale wa kushoto, kwa miaka arobaini na zaidi ya kulima mashamba ya watu. Ukiuangalia unaona kabisa vidole vilikaa wapi. Suzan alipiga majembe kama kumi, akasimama. Nikadhani analia. Kumbe anaimba.

Nyandwi wa saba, uliyefika peke yako,
mpini wako umelika pale uliposhika.
Nikiushika, mama, nakushika mkono,
na shamba halijui kwamba umeondoka.

Aliurudia mara tatu, kila mara anarekebisha kidogo. Mara ya nne nikaingia sauti ya pili, sikuagizwa, imekuja tu. Tukaimba pale katikati ya maharage wanawake wawili wazima tunalia. Tulipomaliza akaniambia, "Odeta, sina picha yake ya maana hata moja. Ile ya kwenye kitambulisho anaonekana kama mtu aliyekamatwa. Huu ndio nitamkumbuka nao. Nitaurekodi siku anapotimiza mwaka."

Nikamjibu kwa ujuaji wangu, Mungu anisamehe. Nikasema, "Usije ukapotea huu. Mpelekee Baba Joan auandikie nota."

Hapo ndipo nilipomponza. Wala sikuwa na nia mbaya.

Mume wangu Gozbert ni mwalimu wa kwaya mwaka wa ishirini sasa. Kazi yake ya kula ni useremala, lakini muulize yeye ni nani, atakwambia mwalimu wa kwaya. Anaandika nota zile za d, r, m, f kwa mkono mzuri kuliko karani. Na walimu wa kwaya wana imani yao, hata ukikesha nao: wimbo usioandikwa nota ni wimbo wa mdomoni, haujazaliwa. Aliyeuweka kwenye karatasi ndiye kauleta duniani. Sisi waimbaji nasi tumelelewa hivyo hivyo. Wimbo ukija kwenye karatasi hatuulizi ulitoka wapi, tunaangalia sauti yetu inaanzia na nini.

Suzan alikuja nyumbani alasiri tatu mfululizo. Anaimba mstari, Gozbert anagonga meza kwa penseli, anaandika, anamwambia rudia. Mimi nawaandalia chai. Siku ya tatu akampa nakala. Suzan akaiangalia, akaona chini ya kichwa pameandikwa "Maneno: S. Niragira," akafurahi. Halafu akanyoosha kidole pembeni juu. "Na hii G. Muhoza?"

"Desturi tu," Gozbert akamwambia. "Mwandishi wa nota anaweka jina lake pale, ili mtu sauti zikimchanganya ajue wa kumuuliza."

Suzan akacheka, akasema, "Basi waulizwe wataalamu, mimi ni wa waya wa breki." Akaikunja karatasi akaiweka kwenye mfuko wa gitaa. Mimi mwenyewe nilicheka. Nilikuwa nimesimama pale pale na birika.

Miezi ikapita. Mwaka wa Nyandwi ulipokaribia, Suzan akaenda Biharamulo kukaa miezi mitatu, anaimba huko na huku na kurekodi kwa utulivu. Huku nyuma, Jumamosi moja ya mazoezi, Gozbert akagawa karatasi mpya. Kichwa: "Jembe la Bwana." Pembeni juu: "Mtunzi: G. Muhoza." Chini ya kichwa hapana kitu. Akatupa sauti, tukaanza, na nywele zikanisimama.

Ulikuwa ule ule. Pale penye "Nyandwi wa saba" pamewekwa "Ee Bwana wa mbingu." Penye "mama" pamewekwa "Baba." Sauti ya pili aliyotuandikia ilikuwa yangu ya shambani, alinisikia nikiuimba jikoni. Niliangalia huku na huku. Wenzangu wanaimba, wanapendezwa. Adventina, wa sauti ya kwanza, anafunga macho kwa utamu.

Nyumbani nikamuuliza, "Baba Joan, huu si wa Suzan?"

Alikuwa anapiga randa ubao. Hakunyanyua kichwa. "Wa Suzan ni wa mama yake. Huu ni wa Mungu. Mimi nimeuokota shambani nimeuingiza kanisani. Kosa liko wapi hapo?"

"Ungemwambia."

"Nitamwambia. Akirudi nitamwambia."

Nikasonga ugali, tukala. Hayo ndiyo yote niliyofanya. Jumamosi iliyofuata nikavaa, nikaenda, nikaimba. Nilijua, na nikaimba.

Nisiwe mnafiki nikamchora mume wangu kama shetani. Mtu huyu katunga nyimbo miaka ishirini, na hakuna hata mmoja uliovuka mto kwenda kigango cha pili. Video ilipotoka, mara paroko anausifia kwenye mahubiri, mara tunaalikwa huku, mara huku. Siku moja tuko Benaco, lori likasimama na wimbo ule unavuma ndani yake, na Gozbert akageukia ukutani akafuta machozi. Nilimwonea huruma. Nilimpenda pia, kusema kweli. Nilisimama pembeni yake nikiona fahari ya kitu cha wizi, na nilijua kuwa ni cha wizi.

Suzan alikuwa bado Biharamulo. Wiston akamaliza kuutengeneza wimbo, wakauweka mtandaoni siku ile ile Nyandwi alipotimiza mwaka. "Mpini wa Nyandwi." Ulikaa siku tisa. Siku ya kumi ukaondolewa. Mpiga video wa kwaya yetu alikuwa amepeleka malalamiko kwamba kuna mwanamke anaiga wimbo wa kwaya. Wiston akaitafuta hiyo video ya kwaya, akamwekea Suzan asikilize. Akasikia wimbo wa mama yake, mama hayumo. Halafu akaisikia sauti ya pili, akaitambua.

Alikuja nyumbani kwangu Jumatano, kabla hajafika kwake. Vumbi la pikipiki lilikuwa limemjaa usoni. Hakukaa.

"Nimekusikia kwenye video," akasema. "Njia nzima najiambia, Odeta ataniambia kwa nini."

Nami nikamdanganya. Nikasema, "Suzan, mwalimu akigawa karatasi sisi tunaimba. Nilidhani mmeelewana."

Mabega yakamshuka. Aliniamini! Hilo ndilo linalonitesa kuliko yote, kwamba aliniamini haraka vile. "Nilijua tu," akasema. "Sasa sikia. Sitaki ugomvi na mumeo. Nataka karatasi irudishiwe jina langu, na yale malalamiko yaondolewe, ili mama yangu asikike. Basi. Nimeomba halmashauri ya kigango watukalishe Jumapili. Wewe utasema tu ulipousikia mara ya kwanza."

"Nitasema."

"Kweli?"

"Suzan, nitasema."

Jumapili asubuhi Gozbert anafunga vifungo vya shati. Hakupandisha sauti, hana tabia hiyo. Akasema, "Mama Joan, leo ukinivua nguo mbele ya watu, ujue na wewe utabaki uchi. Wataniita mwizi. Na wewe watakuitaje, mke wa nani?" Akachukua kofia, akatoka. Nilibaki nimekaa kitandani na kiatu kimoja.

Baada ya ibada tukabaki kanisani. Mwenyekiti wetu, mzee Evaristi, akakaa mbele na katekista wa kuandika muhtasari. Kwaya upande mmoja. Suzan upande mwingine, peke yake kwenye benchi zima, na jembe la mama yake limelala miguuni. Watu wakacheka chinichini. Mtu analeta jembe kanisani! Alisimama akaeleza vizuri, kwa upole, kama nilivyowaeleza ninyi. Kisha akatoa karatasi yake, ile aliyoitunza kwenye mfuko wa gitaa, akaipeleka mbele kwa mikono miwili. "Huu hapa ushahidi wangu, mwenyekiti. Niliandikiwa mwaka jana, kabla kwaya haijaimba."

Mzee Evaristi akavaa miwani. Akasoma. Akamwonyesha katekista. "Dada Suzan," akasema, "hapa juu pameandikwa jina la nani?"

"La mwalimu. Lakini ile ni desturi, ya mwandishi wa nota. Chini kuna langu, maneno."

"Mimi nimekaa kanisani miaka hamsini," mzee akasema. "Jina la pale juu ni la mtunzi. Karatasi umeileta mwenyewe, hatujakulazimisha."

Kanisa likaguna. Nilimtazama Gozbert, naye alikuwa anatazama sakafu. Desturi aliyomweleza Suzan sebuleni kwangu aliijua yeye peke yake. Na mtu wa nyuma, wala simtaji, akasema kwa sauti ya kusikika, "Hawa watu bwana, ukiwapa shubiri wanachukua pima." Hawa watu! Hakuna aliyemkemea, hata mzee.

Mwenyekiti akauliza kwaya kama kuna aliyewahi kuusikia kabla. Adventina akasimama akasema wao waliupata kwa mwalimu, basi. Alisema kweli yake. Wengine wakakaa kimya, na wapo waliokuwa wamemsikia Suzan akiuimba kwake, nawajua kwa majina. Lakini jubilei ya jimbo ilikuwa imekaribia, tumechaguliwa kwenda, sare zimeshashonwa.

Suzan hakutikisika. Akasema, "Muulizeni Odeta. Wimbo huu umetoka kinywani mwangu shambani kwake. Sauti ya pili ni yake, aliiweka siku hiyo hiyo."

Akanigeukia, na niwaambie, alikuwa anatabasamu. Tabasamu la mtu aliyefika salama.

"Mama Joan," mzee akasema, "wimbo huu uliusikia wapi kwanza?"

Nikasimama. Jibu lilikuwa mdomoni, nawaapia, nililiandaa tangu Jumatano. Nikamwona Gozbert, mikono yake mikubwa ya seremala iko katikati ya magoti. Nikawaona wanawake wa kwaya. Nikaona watakavyonipokea kisimani kesho yake.

Nikasema, "Mimi sikumbuki vizuri. Shambani huwa tunaimba nyimbo nyingi."

Basi. Maneno manane. Katekista akaandika.

Suzan hakupiga kelele. Alisema tu, "Odeta," polepole, kama mtu anayemwamsha mgonjwa. Nikakaa. Mzee akatoa uamuzi: suala limekwisha, mwalimu aheshimiwe, na dada Suzan aache kuimba wimbo wa kwaya mahali popote, asije akaleta aibu kwa kigango. Akaomba tumalizie kwa sala. Suzan akainama akachukua jembe, akatoka katikati ya sala, na mlango ukabaki wazi.

Wiki ile ile akahamia Biharamulo. Shamba lake la Alhamisi likaota majani. Wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi ndiye niliyekuwa nguoni mwake, tangu darasa la kwanza.

Mnataka kujua niliishije? Nilikula, nililala, nilifua. Ila kuimba kulinishinda. Nikamwambia Gozbert nina mafua. Mafua ya miezi miwili! Jubilei wakaenda bila mimi, wakarudi na cheti, akakipigilia sebuleni, ukuta ule ule Suzan aliouegemea wakati anaimbishwa. Siku hiyo nikapasuka. Nikamwambia yote niliyokuwa nimeyameza, nikamwita mwizi kwa mdomo wangu, na Joan akiwa anasikia. Gozbert akaniuliza, "Na wewe je?" Akaingia karakanani, na tangu hapo tunasalimiana tu.

Nikaenda kwa mzee Evaristi. Nikamwambia, "Mzee, nilisema uongo. Nakumbuka. Nakumbuka hata siku ilikuwa Jumanne." Hakushtuka. Akafungua daftari la muhtasari, akanisomea: shahidi Mama Joan amesema hakumbuki. Akalifunga. "Mwanangu, unataka nikaseme nini jimboni? Kwamba cheti tumepewa kwa wimbo wa kuibiwa? Haya mambo yamepita. Tuombeane." Niliondoka nimeinamisha kichwa, natukana njia nzima, najitukana mwenyewe.

Ikabaki njia moja. Mwezi uliopita nilipanda gari nikaenda Biharamulo. Nilijipanga nitakalosema. Kwamba twende kwa Wiston, aniweke mbele ya simu, niseme kila kitu kwa jina langu na la mume wangu, watu wote wasikie, litakalokuwa na liwe. Njiani nilikuwa nayasema maneno hayo kwa mdomo mpaka dada niliyekaa naye akasogea pembeni.

Nilimkuta sokoni, upande wa wauza nguo, na spika yake na gitaa. Amekonda. Alikuwa anaimba wimbo nisioujua, wa kuchekesha, watu wanapiga makofi. Ulipoisha mama mmoja mwenye kikapu akamwambia, "Dada, tupigie ule wa 'Jembe la Bwana.' Sauti yako inaufaa sana, utauimba kama kwaya yenyewe."

Suzan akamjibu kwa adabu, "Huo siujui, mama."

Nikaegemea meza ya mitumba. Nikajikaza, nikapenya katikati ya watu mpaka mbele yake. Aliniona. Hakununa, hakugeuza uso, wala macho hayakubadilika. Akaweka gitaa pembeni, akakunja magoti kidogo kama tulivyofundishwa utotoni, akasema:

"Shikamoo, mama."

Nilidhani ananitania. Nikacheka hata, kicheko kikavu. "Suzan, ni mimi. Ni Odeta." Suzan ananizidi mimi kwa miezi minne. Shikamoo hajawahi kunipa wala mimi sijawahi kumpa.

"Nimekuona, mama," akasema. "Shikamoo."

Watu wakawa wanatuangalia. Yale maneno yote niliyokuja nayo kutoka Keza hayakupata pa kuanzia, maana hata salamu ilikuwa haijajibiwa. Naye alikuwa bado amekunja magoti, mikono mbele, anasubiri kama mtoto aliyelelewa vizuri anavyomsubiri mtu mzima asiyemjua. Nilijua hataniuliza kitu, na hatanyanyuka mpaka niitike.

"Marahaba," nikasema.

Akanyanyuka, akachukua gitaa, akawauliza watu wanataka wimbo gani.